Wimbi la Mgeni

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu hauna kufuli. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Kibanda changu kiko mtaa wa pili kutoka ufukweni. Nashona sare za shule, nabana suruali, nabadilisha zipu, na tangu vijana wa hapa walipokolewa na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi, nashona na mifuko ya kubebea mbao zao. Bahari yenyewe siijui. Kuoga kwangu baharini kunaishia magotini.

Binti yangu ndiye samaki. Mtaa mzima wanamwita Kifimbo kwa wembamba wake, na tangu apande ubao, kuosha vyombo nyumbani kwangu kumekuwa vita. Mwaka huu kambi yao ya mawimbi ilielewana na vijana wa pwani nyingine, mbali huko, safari ya kutwa kucha kwa basi. Wao waje kwetu kwanza, wakae majumbani mwetu na kuteleza pamoja na watoto wetu. Kisha wa kwetu waende kwao. Kila mtoto na mwenzake. Masharti yalikuwa mepesi isipokuwa moja: mgeni akiondoka kabla ya muda, mwenyeji wake naye hasafiri, maana kule atakuwa hana nyumba ya kufikia.

Kifimbo hajawahi kutoka mji huu. Mimi pia sijawahi, ila mimi nimeshazoea. Yeye alikuwa amepanga begi la safari wiki nyingi kabla, kila akipata nafasi analifungua, analitazama, analifunga tena. Nilimshonea mfuko wa ubao kwa turubai la bluu, nikaweka mikanda mipana asije akaumia bega. Nilitaka aende, jamani. Nilitaka mno, kuliko nilivyowahi kujitakia mwenyewe kitu chochote.

Mgeni wetu akafika. Binti wa umri wa Kifimbo, mrefu, mpole, ana adabu mpaka nikamwonea aibu wangu. Lugha yetu ni moja, lafudhi tu ndiyo iliyotuchekesha. Nikampokea kama inavyotakiwa. Nilimpa chumba cha Kifimbo, na Kifimbo nikamlaza humo humo asije mgeni akaona upweke. Akienda bafuni nasimama nje na taulo, namuuliza kama maji yanatosha. Akitoka kwenda dukani, watoto wa jirani wako nyuma yake. Yaani hakuachwa peke yake hata kidogo, nami nikawa najisifu moyoni kwamba tumemkirimu.

Cha ajabu, kila alipotoka baharini alirudi amenyong'onyea zaidi. Chakula anadokoa. Ukimuuliza, anasema yuko salama tu. Nikambana Kifimbo, nikamuuliza kama kuna aliyemchokoza mwenzake huko majini. Akaniapia kwamba wanamheshimu kupita kiasi, hata wimbi moja hajapanda peke yake. Nikaridhika. Ningejuaje?

Alasiri moja kocha akaja kibandani. Kocha ni mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye mabega ya mbeba magunia na woga wa kuku. Alisimama mlangoni anachezea vipande vya vitambaa, nikajua kuna jambo. Nikamwambia ateme. Akasema mgeni wangu ameomba arudishwe kwao, na sababu hataki kuitaja. Gari la kambi lingemfuata kesho ufukweni, baada ya mazoezi ya asubuhi, limpeleke stendi.

"Na Kifimbo?" nikauliza.

"Shangazi, masharti unayajua."

Kichwa kikaniwaka moto. Nikafunga kibanda, suruali ya watu nikaiacha na mguu mmoja, nikaenda nyumbani nusu nakimbia. Kifimbo nilimkuta uani, habari ameshazipata, macho yamevimba. Nikamfokea kabla ya kumhurumia, ndivyo nilivyo. Kamfanya nini mwenzake? Alilia tu, anasema hajui, kweli hajui.

Chumbani mgeni alikuwa anakunja nguo. Nikarudisha mlango nyuma yangu, nikakaa kitandani. Kuzungukazunguka mimi siwezi.

"Mwanangu, tumekukosea wapi?"

Aliikunja fulana moja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nyumbani hamjanikosea, mama. Ila baharini hawanitaki, na nimeshaelewa. Sihitaji kuambiwa mara mbili."

Kisha akanieleza. Kwao wimbi ni la mtu mmoja. Mnakaa majini kwa zamu, na aliyelishika wenzake wote wanampisha mpaka liishe. Mtu akikurukia kwenye wimbi lako, amekutukana tusi zito. Anakwambia huna nafasi hapa, rudi ulikotoka. Watu wazima wanashikana mashati kwa hilo. Sasa hapa kwetu, tangu siku ya kwanza, hakuna wimbi aliloshika ambalo hawakulirukia kundi zima, huku na huku, tena kwa mayowe. Na wa kwanza kulirukia, kila mara, alikuwa Kifimbo.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mbavu, na mtoto wa watu akaanza kulia. Ikabidi nimshike mikono yote miwili.

"Walikuwa wanakusindikiza," nikamwambia.

Ndiyo ikawa zamu yangu ya kueleza. Kwamba kwetu mgeni hatembei peke yake. Akiaga unatoka naye, mpaka njia panda, mpaka stendi, na ukionekana umerudi upesi watu watakuuliza mmegombana nini. Basi wale watoto, kwa akili zao, waliona na majini ni vivyo hivyo: umwache mgeni aende na wimbi peke yake mpaka nchi kavu, si utakuwa umemsusa? Wao kwa wao hawajisumbui hivyo. Kwake walijisumbua kila wimbi, na Kifimbo akiwa mwenyeji wake ilimpasa kuwa wa kwanza. Nikamwambia hata mimi na taulo langu, nilidhani namkirimu.

"La taulo lilinishangaza," akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo.

Lakini niliona machoni kwamba hajaniamini. Na kwa nini aniamini? Mama yeyote ambaye mwanawe anaitaka safari angetunga maneno matamu. Akanishukuru kwa heshima zote, akalifunga begi.

Asubuhi sikufungua kibanda. Nilivaa gauni langu la kutokea, nikashuka ufukweni, nikawakusanya watoto kabla hawajalowa, mgeni akiwa bado pembeni anapaka nta ubao wake. Nikawaambia leo mtu yeyote asimsindikize mgeni. Wakanitolea macho. Kijana mmoja waliyemwita Mapengo akauliza kwani mgeni amefanya kosa gani. Kifimbo akanivuta mkono pembeni.

"Mama, tukimwacha peke yake atajua tunamchukia."

"Hivyo ndivyo anavyojua sasa hivi," nikamjibu, na nikawamwagia yote niliyoambiwa.

Hakuna aliyecheka. Kifimbo aliziba mdomo kwa viganja viwili, akamtazama mwenzake kule pembeni kama aliyemkanyaga mtoto mchanga. Alitaka kwenda kumwomba radhi, nikamzuia. Maneno mgeni alikuwa ameshayasikia kwangu, na hayakumtosha.

Wakaingia majini. Gari la kambi nalo likaja, dereva akateremka na kuniuliza mzigo uko wapi. Nikamwambia angoje.

Likaja wimbi zuri, hata mimi nisiyejua bahari nililiona. Mgeni akaanza kukata maji kwa mikono, akageuka kulia, akageuka kushoto, atazame nani anamrukia. Hakuna. Watoto wamekaa juu ya mbao zao, mikono wameibana makwapani, wanateseka kweli kweli. Mapengo alianza kusogea, Kifimbo akamkamata ubao. Mgeni akasimama. Loo, kumbe yule mtoto anajua! Alilipanda lile wimbi, akalikata, akapinda, akarudi juu, akaja nalo mpaka mchangani, na bahari nzima imempisha.

Akashuka kwenye maji ya magotini, akalitazama gari. Nilitamani kumkimbilia nimsihi, nimshike miguu ikibidi, lakini nilibana meno. Akageuka, akalalia ubao wake, akarudi kule kule alikotoka. Dereva akasema huyu atachelewa basi.

Wimbi lililofuata lilikuwa la Kifimbo. Alikuwa ameshasimama, hana habari na mtu, na mara mgeni akalirukia. Yule yule, ambaye kwao tendo hilo ni la kushikana mashati, alisimama ubavuni mwa mwanangu kwenye wimbi la mwanangu. Wakaja nalo bega kwa bega, Kifimbo anapiga mayowe mpaka sauti inamkauka, na wale wengine wote wametulia pale pale walipo, hakuna aliyekata maji.

Nikakaa mchangani na gauni langu la kutokea. Nililia wala sikujificha. Pumzi niliyoishusha ilikuwa ya tangu jana. Dereva akauliza tena habari za mzigo, nikamwambia hakuna mzigo, akanywe chai arudi alikotoka.

Wakanijia wanachuruzika maji. Kifimbo anacheka na kulia kwa pamoja. Mgeni akachuchumaa mbele yangu, akaniangalia usoni kwa wasiwasi, kama mtu anayejaribu kazi kwa mara ya kwanza.

"Mama, nimemsindikiza vizuri?"

"Umemfikisha mpaka kwenu, mwanangu," nikamwambia.