Vihisi vya Rukanga

"Silvanus, ndovu wameshavuka korongo," Jedidah aliniambia kwenye simu, sauti yake tulivu kuliko yangu. "Na hicho king'ora chenu kimenyamaza tu."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Yeye alikuwa Rukanga, kando ya mahindi yake yaliyokaribia kukomaa; mimi nilikuwa ofisini Voi, mbele ya seva iliyodai kuwa mambo yote ni shwari. Vihisi saba vya kugundua ndovu, vilivyofungwa kwenye ua wa mashamba, vilipaswa kutuma jumbe kwa programu yetu ya kuzipokea na kuzisambaza, nayo ikiwashe king'ora. Asubuhi ile nilikuwa nimeihamishia programu hiyo kwenye kontena jipya, yaani chumba chake cha pekee ndani ya seva, bila msaada wa mtu, nikijiona fundi. Sasa vihisi vyote saba vilikuwa vinakataliwa.

Niliiwasha upya mara tatu. Vihisi bado vilikataliwa. Ndipo Bi Ruweida, mkuu wangu, akaingia kutoka mkutanoni Wundanyi, akavuta kiti.

"Umeijaribu kutokea wapi?"

"Humu humu ndani ya kontena. Inaitika."

"Basi toka nje, mwanangu. Jifanye uko Rukanga."

Nikajaribu kwa simu ya ofisi. Nikakataliwa papo hapo. Akanionyesha mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio: niliiagiza programu isikilize anwani ya ndani peke yake, kwa hivyo hakuna wa nje aliyeweza kuifikia. Hakugusa kibodi. Alingoja niurekebishe mwenyewe, ingawa yeye angeumaliza kwa sekunde tano.

Kihisi cha kwanza kikaunganika. Cha nne. Cha pili. Jedidah hakuwa amekata simu. Nikasikia mlio mkali, mbwa, watu wakipiga mabati, kisha yeye akicheka kama msichana.

"Wanarudi! Wamekula mistari miwili tu, Silvanus. Miwili!"

Nimesahau mengi ya mwaka ule, lakini si asubuhi iliyofuata. Bi Ruweida alikuwa anaandika ripoti ya wafadhili, nami nilisimama nyuma yake nikilitafuta jina langu. *Tulikosea mpangilio,* aliandika, *tukaurekebisha.*

"Lakini wewe hukuwepo nilipokosea," nikasema.

Akasogea kidogo ili nipate pa kukaa.

"Haya, hebu nisomee. Rukanga nimeiandika sawa?"