Mji wa Kina Mama wa Vitabuni

Nalala, au niseme kitabu ndicho kinachonilaza, maana kimeniangukia usoni kikiwa wazi na sina nguvu ya kukiondoa, adhuhuri hii, bati linalia kwa jua, nami nainuka mkekani nikiuacha mwili wangu pale pale ukikoroma, mdomo wazi, aibu tupu, napita katikati ya kurasa mbili kama mtu anayepita kati ya kanga zilizoanikwa. Kitabu ni cha Hidaya, kitinda mimba wangu. Kaandika mashairi ya uzazi. Kaniletea pamoja na vitabu vitano vya hadithi za siku hizi, zote za kina mama, akasema soma mama, uniambie ulichokiona. Nikamwambia macho hayaoni. Mwongo mkubwa mimi, uzi natunga mwenyewe. Nimevisoma vyote kwa kidole, darasa la saba langu halikwenda bure, ila cha kwake nimekwama kwenye shairi moja, nalifunga, nalifungua, nalifunga, na leo anakuja, atataka jibu.

Huku nilikoingia kuna barabara ya mchanga isiyo na mwisho, na kando yake mji, kila nyumba ukuta wake kioo, na kila kioo kina mama ndani. Mmoja ananyonyesha huku analia. Mwingine kawafungia watoto ndani, kakaa kizingitini anakula andazi peke yake na hataki kumegea mtu. Nawajua wote, nimewasoma wiki hii. Nawacheka, ndiyo tabia yangu. Mara anatokea mwanamke kajifunga kanga za kisutu, uso hana, pale pa uso ni laini kama yai lililomenywa. Shikamoo, namwambia, kwa tahadhari tu, asiye na uso utamkadiriaje umri? Marahaba, anaitikia, sijui kwa mdomo upi. Unamtafuta nani? Namtafuta mama wa kwenye shairi la mwanangu, nasema, nihakikishe kwamba ni mwanamke mwingine. Ananiuliza, nani huyo anabeba maji ya moto, anayeungua ni mwenzake? Ah, mama wee, namwambia, vitendawili niliviacha shuleni pamoja na kamasi. Hacheki. Atachekea wapi? Anakwenda, namfuata, barabara inakunja, tunampita yule wa andazi, barabara inakunja tena, tunampita tena, andazi limebaki nusu, ananikodolea macho.

Huyo mama alifanya nini, anauliza yule asiye na uso. Alikwenda kumlea bintiye siku arobaini za uzazi, nasema, kumkanda kwa maji ya moto kama desturi ilivyo. Binti alijifungua kwa kisu, ana siku tatu tu tangu atoke hospitali, akasema mama, daktari kakataza. Mama akasema daktari kazaa wangapi? Akachovya kitambaa, akakikandamiza tumboni, binti akapiga ukunga, na mama akawageukia majirani waliojaa chumbani, akawaambia huyu naye anadeka, wala hajazaa, kapasuliwa tu kama papai. Wakacheka wote. Ulikuwa utani, naongeza haraka, huyo mama ni mtu wa utani.

Na hilo papai limo kwenye shairi? anauliza.

Nalipitia shairi kichwani, neno kwa neno, kwa kidole changu hiki. Papai halimo. Kicheko hakimo, majirani hawamo. Limeandikwa tu kwamba mama alileta maji, mshono ukaachia, na mtoto akanyonya kwa jirani siku mbili. Miaka kumi na tisa tangu siku ile, mwanangu kakaa na kalamu mkononi, dunia nzima inamsubiri aseme, na pale penye uchafu wangu kapita kimya, kanisitiri. Papai nimelitoa mimi, kinywani mwangu, sasa hivi, mbele ya mtu nisiyemjua.

Tumefika nyumba ya mwisho. Kiooni yumo Hidaya msichana, kang'ata pembe ya mto, na kitambaa kinachotoa mvuke kimo mkononi mwangu. Utani unanijia, unanijia kweli, naumeza. Hidaya, nasema, ulizaa. Ulizaa mwanangu, nami nilikuumiza, nikakufanya kichekesho cha watu. Nisamehe.

Umemwambia yupi, anauliza yule mwanamke, na papo hapo hayupo tena.

Nazinduka. Hidaya kakaa kando yangu mkekani, mtu mzima, mvi mbili kichwani, macho yamemlowa, au ni jasho la njiani. Umesemaje, mama? Sijui nimesemea wapi. Kama nimesema kwa mdomo huu, kashasikia, anataka nirudie. Kama nimesema kule, basi hapa bado sijasema kitu, mimi ni bikizee tu aliyeota akiwa ameshiba. Namgusa shavu. Lina joto, lakini hata kule kioo kilikuwa na joto. Naweza kusema nilikuwa naota wali wa nazi, atacheka, yataisha.

Hidaya, naita.

Abee, mama, naitikiwa, na sauti sijui imetoka upande gani. Nasema upya, kuanzia kwenye papai.