Kichwa au Swala

Tangu mkeka wa kubeti wa Joakim utiki mechi zote kumi na mbili, vijana wa Liuli walimganda kumuuliza wabeti timu gani, huku dagaa wao wa usipa wakiozea vichanjani. Mwalimu Aurelia, aliyefundisha hesabu, aliwaona wapumbavu watupu.

Jumapili baada ya ibada aliwakusanya ufukweni. "Kila mtu arushe sarafu ya shilingi mia. Ukipata swala, kaa chini. Ukipata kichwa, baki umesimama, urushe tena."

Walirusha, na waliosimama wakapungua kila mara. Joakim alikaa mapema. Mwishoni alibaki Bibi Lidia peke yake, aliyekuwa akipita kwenda kuchota maji na kuitwa tu ajiunge.

"Mmeona?" Mwalimu alisema. "Watu wakirusha wengi, hakosekani mmoja wa kupata kichwa mfululizo. Bibi hana ujuzi wowote. Joakim naye ni hivyo hivyo, ila waliochaniwa mikeka wakaliwa hela hawajitangazi."

Vijana walitikisa vichwa taratibu kukubali, na Aurelia akaamini kwamba ameeleweka. Kisha mmoja wao aliinuka, akajipangusa mchanga, akamwendea Bibi Lidia na kuinama.

"Shikamoo, Bibi. Jumamosi nimpe nani ushindi?"

"Marahaba. Nani wa nini? Mimi mpira siujui."

Wengine walikwisha kumzunguka, Joakim mwenyewe akiwa mbele. "Anatuficha," aliwanong'oneza. "Wenye nyota ndivyo walivyo. Mbebeeni ndoo kwanza."

Wakagombania ndoo. Mwalimu Aurelia alisonya, akashika njia ya nyumbani bila kuaga mtu.