Mke Mwenza Mwenye Visu

Mwaka ule wa sabini, Pandu alipokabidhiwa trekta la mkono la kijiji chetu cha Bambi, mkewe Mwanakheir alisema ameletewa mke mwenza. Tulicheka, lakini hakuwa mbali na ukweli. Kila jioni Pandu alilipangusa, akalipima oili, akachomoa majani yaliyojisokota kwenye visu vyake, tena kwa upole ambao Mwanakheir hajauona tangu harusi. Na kabla ya kutia mkono humo, aling'oa plagi inayotia cheche, akamhubiria yeyote aliyepita:

"Plagi kwanza! Ikiwa nje, mashine haiwaki ikakukata vidole."

Usiku plagi ililala kikombeni dirishani.

Maringo hayo ningeyavumilia kama angelima konde la mkewe. Alishalima ya watu wote, hata la Machano, mvivu yule! La Mwanakheir lilikuwa nyasi tupu, na masika yanabisha hodi.

"Baba Wanu, zamu yangu lini?" Mwanakheir alimuuliza mumewe.

"Subiri, bibi wee. Mganga hajigangi."

"Basi atagangwa," alisema Mwanakheir, akaenda zake kukuna nazi.

Wiki hiyo akaja bwana shamba, Bwana Msabah, kuamua kama trekta libaki kwetu au lipelekwe kijiji kingine. Tulijaa mbele ya nyumba ya Pandu. Mwenyewe alikuwa na buti na suruali iliyombana, akitangaza kwamba kanzu na visu havipatani. Akatia mkono kikombeni. Kitupu. Akajipekua mifuko, jasho likamtoka.

"Mwanakheir! Plagi iko wapi?"

"Abee! Ile? Nlikuona jana unasafisha visu, n'kaogopa usije ukakatika vidole. Nshaiweka mbali."

"Mbali wapi?"

"Kondeni kwangu. Juu ya kisiki, chini ya kifuu."

Pandu alitaka kutuma mtu, lakini Bwana Msabah alishachoka kungoja.

"Huko kuna nyasi? Basi lisukumeni huko huko. Nataka kuliona likilima, silitaki likae barazani."

Tukalisukuma. Pandu akafunga plagi, akavuta kamba, likanguruma. Sina budi kumsifu: watoto aliwaweka mbali, hakukimbia, na kila nyasi zilipojisokota kwenye visu alizima, akang'oa plagi kwanza. Konde likalimika lote, na Mwanakheir alisimama pembeni akitafuna tambuu, furaha imemjaa mpaka machoni.

Bwana Msabah aliridhika. Trekta libaki.

"Na plagi anaitunza nani?" akauliza.

Tukamtazama Pandu. Akisema ni yeye, ilifikaje kwenye kisiki?

"Mke wangu," alisema Pandu.

"Vizuri sana. Aendelee yeye. Usalama si mchezo."

Tangu siku ile, kila asubuhi Pandu alisimama mlangoni mbele ya mkewe, kiganja wazi kama anayeomba chumvi. Plagi ilikuwa kwenye fundo la kanga, na Mwanakheir hakulifungua fundo hilo kabla ya kumuuliza:

"Leo zamu ya nani?"