Kuku Katika Kiti cha Gaone

Katika ukoo ule, shangazi ndiye hushuka wa kwanza kwenye lango la kina bibi arusi, tena ashuke kutoka kiti cha mbele. Asiposhuka yeye, wenyeji watasema bwana arusi kaokotwa njiani. Mma Keneilwe alilijua hilo kuliko wote, maana shangazi mwenyewe ndiye yeye, na aliyekuwa anaoa ni mtoto wa kiume wa Modiri, mdogo wake. Kwa hiyo asubuhi ile aliwahi. Alijifunika shali lake la arusi, akalibana kwa pini kifuani, akapanda mbele kwenye pikapu ya Modiri na kujaza nafasi ya watu wawili, akingoja safari ya Kanye, kwao bibi arusi.

Huko nyuma kulikuwa wazi. Vilipakiwa vyungu vitatu vya chuma, vikafungwa kamba visije vikaanguka. Kisha wakapakiwa watoto saba. Hao hawakufungwa.

Wa mwisho kupanda alikuwa Gaone, mjukuu wake wa miaka minne. Hakulia wala kudeka. Alikaa chini, akaingiza mkono wake mdogo kwenye mkono wa chungu, akaita:

"Bibi, nimeshika."

Mma Keneilwe akatazama mbele kama hakusikia. Kovu lililokuwa juu ya jicho la mtoto lilikuwa bado jekundu.

Keneilwe, mama yake Gaone, alitoka jikoni mikono imejaa masizi. Alikuwa anafanya kazi Gaborone, akaja jana yake kwa ajili ya arusi. Mtoto alilelewa na bibi.

"Mama, kile kiti cha mtoto cha kwenye gari nilicholeta Pasaka kiko wapi?"

"Kipo stoo. Nimekihifadhi."

"Umemhifadhia nani? Mtoto anakua, kiti kinabaki kipya."

Modiri, aliyekuwa anakagua matairi, akacheka. "Kiti cha nini? Wewe mwenyewe umekulia nyuma ya magari ya ukoo huu, na meno yako yote hayo hapo."

"Haya mawili ni ya bandia, mjomba. Umesahau ulivyokata ile kona?"

Wanawake waliokuwa jikoni wakaangua kicheko. Modiri kikamchoma. Akaupiga ubavu wa gari kwa kofi.

"Haya, semeni basi. Hili gari langu hili, kuna mtoto ameshawahi kuanguka humu? Dada, sema wewe. Wewe ndiye mkubwa wetu."

Alimtazama machoni, na jicho lake lilikuwa linaomba.

Miezi miwili nyuma walikuwa wanarudi shambani. Punda wakaingia barabarani, Modiri akakanyaga breki, na Gaone akaruka juu ya ubavu wa gari kama mtama unaopepetwa. Walimwosha damu kwenye bomba la ng'ombe. Modiri alimsihi dada yake asiseme, lakini maombi yake yalikuwa ya bure: dada alikwisha tunga uongo kabla damu haijakauka. Mtoto kaanguka ukutani, basi. Keneilwe akijua, atamchukua, na nyumba itabaki na bibi kizee na redio. Redio haimwombi mtu hadithi.

Sasa ua mzima ulikuwa unamngoja. Angesema "hapana", arusi ingekwenda.

"Bibi," Gaone akaita tena, "tunaondoka? Mkono unachoka."

Mma Keneilwe akafungua mlango, akashuka.

"Yupo aliyeanguka," alisema. "Keneilwe, ule ukuta niliokwambia ulimwangusha mwanao, ulikuwa na magurudumu manne."

Modiri akainama kwenye tairi lake kana kwamba limemwita.

Keneilwe aliingia stoo, kuku akatoka anapiga kelele. Ndani ya kile kiti kulikuwa na mayai matano. Aliyatoa moja moja, akampa mama yake, ambaye hakuwa na pa kuyaweka ila kwenye shali la arusi. Akakung'uta majani, akakibeba kiti mpaka kwenye gari, akakifunga mbele kwa mkanda, akamkalisha Gaone.

"Na hawa sita?" Modiri akauliza, sauti imepungua.

"Washushe. Wataenda na basi la saa nne, na mimi nao," alisema Mma Keneilwe.

"Dada, langoni atashuka nani kwanza?"

"Gaone. Wakiuliza, waambie huyu ndiye shangazi, nimesinyaa kwa uzee."

Keneilwe alipanda kando ya mwanawe, akavuta mlango, kisha akasema taratibu dirishani: "Jumatatu anaondoka na mimi, mama."

Mma Keneilwe alikuwa na jibu, na la pili lilikuwa nyuma yake. Akayameza yote.

"Bibi," Gaone akauliza, mikono yake ikipapasa hewani, "mimi nishike nini?"

"Usishike kitu, mama. Leo umeshikwa wewe."

Gari likaondoka polepole, vyungu vikigongana nyuma. Yule kuku alirudi stoo, akazunguka pale kiti kilipokuwa, akatoka nje tena, akasimama mbele ya bibi aliyekuwa na mayai yake kwenye shali.

"Usinitazame mimi," Mma Keneilwe alimwambia. "Hata mimi wangu wamemchukua."