Mita Nane

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili asije mtu akanyooshea kidole kamba, au jua, au mwamba. Mwamba ulikuwa palepale tangu babu zetu hawajazaliwa, haukumfuata mtu nyumbani kwake. Kamba nayo ilifanya kazi yake mpaka ilipoishia. Mimi ndiye niliyeishiwa mapema, na niliishiwa akili tangu Alhamisi.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ncha ya kamba. Ncha nyeusi, ngumu, niliyoichoma mwenyewe kwa kiberiti. Ilinipitia kiganjani, ikaingia kwenye kile kichuma cha breki, cha kubania kamba, kilichokuwa kiunoni mwangu, ikatokea upande wa pili, ikapaa. Niliikodolea macho. Nilipata hata nafasi ya kuwaza, ala, hii nayo inakwenda wapi? Ndipo nikasikia kishindo.

Aliyekuwa upande wa pili wa kamba hiyo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi cherehani. Mimi nilimwita Bwana Harusi, kwa sababu kila tulipokwenda kupanda mwamba alichukua muda kuvaa ule mkanda wa kiunoni na mapajani utadhani ukumbini wanamngoja. Alivuta ugwe huu, akalegeza ule, akavuta tena. Mimi nilikuwa nimeshamaliza, nimeketi nampigia vigelegele. Alicheka, lakini hakuharakisha hata kidogo.

Alikuwa na maswali matatu. Kabla hajaweka mguu kwenye mwamba, lazima ayaulize.

"Fundo langu?"

"Lipo."

"Breki yako?"

"Ipo."

"Mwisho wa kamba?"

Mwisho wa kamba alikuwa akiufunga kwenye mkono wa mfuko wa kubebea kamba, fundo nene mfano wa ngumi ya mtoto, ili kamba ikiwa fupi fundo likwame kwenye breki na mtu abaki ananing'inia. Fundo hilo ndilo lililonichekesha kuliko yote. Mimi ni fundi rangi wa majengo marefu. Kamba nimezishika miaka kumi na mitano, na kwa muda wote huo sikuwahi kufunga mwisho. Kwenye jengo kamba inafika chini, inabaki na mzunguko mzima pale sakafuni, kila mtu anauona. Ukifunga fundo, linanasa ndoo na rangi inamwagikia wapita njia. Kazini kwetu anayefunga mwisho wa kamba ni mgeni wa kazi.

"Mwisho upo, Bwana Harusi," nilimjibu siku ile. "Hata wa dunia upo. Panda."

Na kweli ulikuwepo. Alipouliza, ulikuwepo.

Alhamisi, siku mbili kabla, msimamizi wa jengo alitaka rangi ipande ghorofa ya sita kabla ya mchana, na kamba ya kuvutia ndoo ilikuwa imelika. Kamba yetu ya mlimani ilikuwa kwenye begi langu. Nikakata mita nane, nikachoma ncha isifumuke, ndoo zikapanda, msimamizi akanisifu. Nilijiambia nitamwambia shemeji. Ijumaa alikuja nyumbani kuchukua viatu vyake, tukapiga soga, akaondoka. Jumamosi asubuhi garini nikakumbuka tena, ila rafiki yetu aliyekuwa akituendesha, tuliyemwita Dereva tu, alikuwa katikati ya kisa cha mama mkwe wake, na kisa kilikuwa kitamu. Nikasema, tukifika.

Tulipofika sikusema. Nilimjua. Angetoa utepe wake wa kushonea, aipime kamba yote, ashike kidevu, halafu aseme turudi nyumbani. Basi nikamwacha auvae mkanda wake na mimi nikashika vigelegele.

Dereva alibaki garini, kalaza kiti, kajifunika gazeti usoni.

Shemeji alipofika nusu, jua likanifikia. Akaniambia nimshikilie apumzishe vidole. Nikakaza kamba kwa mkono wa kulia. Pembeni, hatua kadhaa, palikuwa na kivuli na jiwe lenye ncha, na mfuko wa kamba ulikuwa mnene, unafaa kuwa mto. Ila ulikuwa umefungwa kwenye mwisho wa kamba. Kwa mkono wa kushoto nikalifungua lile fundo la ngumi ya mtoto, nikauburuta mfuko mpaka kivulini, nikaukalia. Nasema tena: niliukalia.

Akafika juu. Akapitisha kamba kwenye pete mbili za chuma zilizochimbiwa pale kileleni, akaegemea nyuma, akapaza sauti.

"Shemeji! Nishushe polepole. Mimi si ndoo ya rangi."

"Afadhali ndoo," nikamjibu. "Ndoo haina mdomo."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia akiwa na miguu.

*

Alianguka kutoka urefu wa dirisha la ghorofa ya pili, chali, juu ya mawe. Nilipomfikia macho yalikuwa wazi na alikuwa ananitazama mimi, si mbingu. Nikamwinamia, nikaingiza mikono chini ya mabega yake. Nilitaka kumkalisha. Sijui kwa nini mtu akianguka tunataka akae.

"Usinivute," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa yake. "Shika kichwa. Kichwa tu. Kisitikisike."

Nikapiga magoti nyuma yake, nikakishika kichwa chake kwa viganja viwili, vidole chini ya masikio. Nikamwita Dereva mpaka koo likaniuma. Akaja mbio na gazeti bado mkononi, akaona. Simu pale chini hazikupata mtandao ila ya kwangu, nayo kwa kubahatisha. Akaijaribu, ikakataa, akairudisha juu ya jiwe. Akasema anakwenda na gari mpaka kijijini, atarudi na watu. Nikalisikia gari likiwaka, likigeuza, likipotea.

Nilikaa hivyo muda wa saa tatu. Ninyi mnaosoma, jaribuni dakika kumi. Shika kichwa cha mtu unayempenda, usikisogeze, usisogee. Magoti yangu yalikuwa juu ya kokoto. Kwanza yaliuma, baadaye nikawa siyasikii, nikaona aibu hata kufikiria magoti yangu. Chungu mmoja akapanda shavuni kwake, akaelekea jichoni. Sikuwa na mkono wa kumfukuzia. Nikampulizia. Chungu akasimama, akangoja upepo upite, akaendelea na safari. Nikapuliza tena. Mimi mwanamume mzima, ninayening'inia ghorofa ya kumi na mbili nikipiga mluzi, nilishindwa na chungu.

Halafu jogoo akawika.

Nilikuwa nimeweka mlio wa jogoo kwenye simu kwa ajili ya mke wangu peke yake, kwa kuwa kila siku yeye ndiye anayeniamsha. Utani huo alikuwa haupendi. Mtandao uliomkatalia Dereva ukamkubali yeye. Simu ilikuwa juu ya jiwe, mkono mmoja na nusu kutoka nilipopiga magoti. Jogoo akawika mpaka akachoka. Akanyamaza. Akaanza tena.

"Dada huyo," shemeji akasema.

"Ndiye."

"Pokea."

"Siwezi. Nimekushika."

Akafumba macho, akafikiri. "Kweli," akasema. "Usipokee."

Aliwika mara kumi na moja. Nilihesabu, maana nilikuwa sina kazi nyingine. Kila mara nilipiga hesabu: nikiachia mkono mmoja, ninyooshe, nibonyeze, nirudishe. Sekunde mbili. Na kila mara nikamkumbuka yule aliyekwisha kuachia mkono mmoja siku hiyohiyo, kufungua fundo.

Baadaye kidogo akaniuliza, "Umenivua viatu?"

Viatu vya kupandia vinabana. Ni lazima vibane, mtu akishuka jambo la kwanza ni kuvivua na kutukana kidogo. Nikainua macho. Miguu yake ilikuwa imelala vibaya, kila mmoja upande wake, na viatu vilikuwa miguuni, vimefungwa kamba kwa ule unadhifu wake wa fundi.

"Ndiyo," nikasema. "Nimekuvua."

"Ahsante. Nimepata raha."

Nimewahi kudanganya wateja kuhusu rangi, na mke wangu kuhusu mahali nilipokuwa. Uongo huo wa viatu ndio pekee ambao sijapata mtu wa kuutubia. Nililia bila kutikisika, na kulia bila kutikisika ni kazi.

"Machozi yako," akasema, "yananidondokea puani."

"Samahani."

"Yaache. Yanamzuia chungu."

*

Wanaume sita walikuja na ubao wa mlango. Hospitali ilikuwa na ukuta wa kijani mpaka kimo cha bega na mweupe kutoka hapo kwenda juu, na aliyeipaka hakuzipigia msasa nyufa. Nilisimama kuzitazama nyufa hizo ili nisimtazame mke wangu. Nikamwambia yote: mita nane, mfuko, kivuli. Hakupiga kelele. Akasema, "Nilikupigia mara kumi na moja," akaenda kuketi mwisho kabisa wa benchi.

Daktari akasema mikono ni mizima, kiwiliwili kitakaa sawa. Mke wangu akauliza, je, kutoka kiunoni kwenda chini? Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

Cherehani ya shemeji ilikuwa ya kukanyaga. Nilimtafutia gurudumu la kuzungushia kwa mkono, nikalifunga mwenyewe, nikalitia mafuta, nikakaza skrubu mara tatu. Nilipoinuka nikamkuta anaitazama ile pedali ya chini. Aliomba niiondoe. Nikasema inaweza kukaa tu, haimsumbui mtu. Akasema, "Shemeji, iondoe."

Hiyo ni miaka sita sasa. Utani umerudi, ila umerudi kwa masharti: yeye ananitania mimi, mimi namtania mtu mwingine. Kamba sikuigusa tena. Hata kazini nimehamia kupaka kuta za ndani.

Sasa binti yangu ana miaka kumi na sita, na mwezi uliopita alikuja na maneno. Shuleni kwao wameanza kupanda ukuta wa mazoezi. Anataka mwamba halisi, na mwamba wenyewe ni uleule. Mama yake akasema hapana kwa siku tisa, siku ya kumi akasema amuulize mjomba wake. Nilijua hapo tumekwisha, maana mjomba alikuwa ameshaanza kumshonea mfuko wa kamba. Aliutoa chini ya meza mbele yetu sote. Mkono wa mfuko alikuwa ameushona mara nne, uzi mnene wa turubai.

"Wa kufungia mwisho," akamwambia mpwa wake. "Huu hata tembo akivuta."

Binti akaupokea kwa mikono miwili. Kisha akaniangalia. "Baba, utanishikia kamba wewe?"

"Mimi? Aa, mama, hapana."

"Mwalimu wetu anasema lazima mtu mzima anayejua."

"Basi mwalimu wenu na ashike yeye."

"Mwalimu mwenyewe ndiyo kwanza anajifunza," mke wangu akasema, na sauti yake haikuniambia yuko upande gani. Alikuwa anaangalia mikono yangu. Nikaitia mfukoni.

Nikasema maneno mengi. Nikasema mimi ni mtu wa kuta za ndani. Nikasema macho yangu si yale. Shemeji alikuwa amerudi kwenye kazi yake. Gurudumu likizunguka, sindano ikipanda na kushuka, suruali ya mtu ikisogea taratibu. Nikaona hanisikilizi, nikapandisha sauti.

"Jamani, mtoto ni wangu! Mtafutieni mtu anayeaminika. Mtafutieni mtu ambaye hajawahi kumwangusha mtu!"

Gurudumu likasimama. Shemeji akakata uzi kwa meno, akauweka kwenye kopo la vipande.

"Siku ile, shemeji," akasema, "hata wewe ulikuwa hujawahi."