Santuri ya Pili ya Verna

Miaka ile redio zote za Kentucky zilikuwa zikimpiga Verna Ratliff, na mimi Oleta, dada yake wa damu, nilikuwa nikizima redio. Nilikuwa na hasira, sikatai. Tuliimba pamoja tangu hatujang'oa meno ya utoto: mimi sauti ya kwanza, yeye sauti ya pili chini yangu, mama akikatakata maharage mabichi barazani na kutugombeza tukipotea. Santuri ya kwanza tuliirekodi hivyo hivyo. Jaladani sura ilikuwa ya Verna peke yake, kwa kuwa mrembo alikuwa yeye, na hilo halikuniuma hata kidogo.

Santuri ya pili ndiyo iliyonitia kidonda. Kule Nashville, mji wa studio za muziki, bwana Tisdale aliyesimamia kurekodi alitaka fidla za watu wenye suti na waitikiaji wa kukodi. Wapigaji wa pale hawana habari ya mazoezi. Wanauandika wimbo kwa namba badala ya noti kwenye kikaratasi, wanausikia mara moja, wanarekodi, wanakwenda kula.

"Bibie," akaniambia, "sauti yako ina vumbi la makaa ya mawe."

Nikamtazama Verna. Verna akatazama viatu vyake. Nikapanda basi, nikarudi zangu nyumbani milimani.

Santuri ilipokuja kwa posta niliisukumiza nyuma ya pipa la unga. Mama akaikuta.

"Hii nini?"

"Takataka za Nashville."

"Takataka zina sura ya mwanangu? Washa hiyo gramafoni, Oleta, usinijaribu!"

Tukasikiliza, yeye akikanda unga, mimi nimenuna. Fidla zililia mpaka zikanichosha. Kisha ukaja wimbo wa mwisho, na fidla zikanyamaza. Ulikuwa wimbo wa mama mwenyewe, alioutunga yeye siku baba alipofukiwa mgodini, nao haukuwahi kutoka nje ya baraza letu. Alikuwepo Verna na gitaa moja tu.

Mama akaacha kukanda. "Mtoto huyu kapotea. Hiyo si sauti ya pili?"

Ilikuwa ya pili, mwanzo hadi mwisho. Ya kwanza haikuwemo. Tisdale na namba zake hakuwahi kuusikia wimbo ule, akadhani ndivyo ulivyo, na baada yake nchi nzima ikadhani hivyo. Wasichana waliuimba madukani, vijana wakaupiga miluzi, wote wakiimba sauti ya pili bila kujua. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: mdogo wangu amenisahau, au amenikumbuka? Kumpigia simu sikumpigia. Kiburi nilirithi kwa mama.

Verna akaja mwezi wa Mei, siku ya kusafisha makaburi, ambapo kila ukoo hupanda kilimani na maua na kuku wa kukaanga. Nilimkuta kwenye kaburi la baba, anang'oa majani.

"Umeuharibu wimbo wa mama," nikamwambia.

"Sijauharibu."

"Umeimba sauti ya pili, we!"

"Ndiyo yangu, dada. Ulitaka niimbe ipi?" Macho yakamjaa. "Tisdale alitaka kumweka mtu mwingine aimbe juu yangu. Nikamwambia wimbo umeishia hapo, hakuna kilichobaki. Siku ile nilikuwa mwoga, Oleta, nikakuacha uende. Nafasi yako ndiyo niliyoweza kuilinda."

Nikalia, paja la kuku likiwa mkononi.

Baada ya kula, watu wakamwomba wimbo ule. Akaanza, akanitazama, nami nikaingia juu yake. Koo lilikuwa limeota kutu, lakini njia nilikuwa naijua. Mama alifumba macho. Bibi mmoja wa mjini, shabiki aliyemfuata Verna mpaka kule juu, akanivuta mkono.

"Samahani, mama," akaninong'oneza kwa adabu. "Mwache aimbe mwenyewe. Wewe wimbo huu huujui."

Nikaongeza sauti. Verna alikuwa amesikia, akaangua kicheko katikati ya ubeti, nikabaki naimba peke yangu mpaka aliponidaka kwa sauti ya pili. Verna naye sasa amelala kwenye kilima kile kile, kando ya baba. Santuri zake zote ninazo, na hakuna hata moja yenye kicheko kile.